Somo: Kanuni ya mstari mmoja inavyozaa vurugu

Somo hili nimezoea kulifanya ubaoni na wanafunzi wa kidato cha sita hapa Dodoma, na halihitaji zaidi ya kalkuleta, daftari na subira kidogo. Tuchukue panzi wa kubuni katika shamba la mtama, wanaozaliana mara moja kwa mwaka. Herufi x iwe idadi yao ikilinganishwa na idadi kubwa kabisa ambayo shamba linaweza kuibeba, kwa hiyo huwa kati ya 0 na 1. Idadi ya mwaka unaofuata ni:

r × x × (1 − x)

Herufi r ni namba inayoonyesha kasi yao ya kuzaliana. Wakiwa wachache huongezeka, na wakizidi mno chakula huwaishia wakapungua. Robert May, aliyetoka kwenye fizikia akaingia kwenye ekolojia, aliieleza kanuni hii mwaka 1976 akasihi ifundishwe mapema, na mimi nakubaliana naye kabisa.

Hatua ya 1. Weka r = 2.8, uanze na x = 0.3, na kila jibu ulirudishe kwenye kanuni kama x mpya. Utapata 0.588, kisha 0.678, kisha 0.611, na namba zitapanda na kushuka kwa kiasi kinachozidi kupungua hadi zitulie kwenye 0.6429.

Hatua ya 2. Weka r = 3.2. Sasa hazitulii, bali hupokezana kati ya 0.513 na 0.799. Kwa r = 3.5 zinazopokezana ni nne, na mzunguko huendelea kuongezeka maradufu hadi r ifike karibu 3.57.

Hatua ya 3. Weka r = 4, uchore safu mbili daftarini: moja ianze na 0.3, nyingine na 0.301. Usikate desimali; tumia jibu lote lililomo kwenye kalkuleta. Hatua tatu za mwanzo safu zinafanana kama mapacha, kwani ya tatu ni 0.994 upande mmoja na 0.996 upande wa pili. Ya saba ni 0.872 na 0.765. Ya kumi ni 0.043 na 0.620, na hapo undugu umekwisha: hiyo ndiyo vurugu.

Sababu yake inafanana na kazi ya msukuma chapati: kanuni huvuta namba zilizokaribiana ziachane, kisha hukunja donge ili lisitoke nje ya 0 na 1, ndiyo maana 0.3 na 0.7 zote huzaa 0.84. Kwa wastani, kosa, yaani tofauti ndogo ya mwanzo, huongezeka mara mbili kila hatua, na hatua kumi ni mara 1,024.

Maswali na majibu

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimeanza na 0.25 nikapata 0.75, kisha 0.75 tena bila kikomo. Vurugu iko wapi?

Jibu: Marahaba. Umeangukia mahali pa kusimama, ila ni kusimama kwa yai juu ya ncha yake. Anza na 0.251 uone: 0.752, 0.746, 0.758, na kila hatua umbali kutoka 0.75 unakuwa karibu maradufu.

Swali: Nikitumia kompyuta yenye desimali nyingi zaidi, sitaishinda vurugu hii?

Jibu: Utaichelewesha tu. Kila desimali unayoongeza hukununulia hatua tatu au zaidi kidogo. Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa, aliyaona haya huko Marekani mwaka 1961, alipoingiza 0.506 badala ya 0.506127 katika modeli yake ya hali ya hewa, na baada ya muda hali ya hewa iliyotoka haikufanana kabisa na ile ya awali.

Swali: Basi kwa nini tunajua kwamba Dodoma masika yetu ni moja, na kwamba Julai ni kavu?

Jibu: Kwa sababu kutojua siku si kutojua msimu. Rudi kwenye r = 4: hatua ya hamsini hutaitabiri kwa kalkuleta ya mfukoni, lakini ukiandika hatua elfu kadhaa utakuta karibu asilimia 41 ya namba ziko chini ya 0.1 au juu ya 0.9, hata ukianza na 0.3 au 0.301.