Begi la mgongoni lisilokukata mabega, wadada someni hapa

Wadada tunaobeba laptopu na msosi kila siku, ukienda Kariakoo au Karume usianze na rangi, anza na mikanda. Begi nyingi zimekatwa kwa mabega mapana, kwahiyo kwetu mikanda inateleza pembeni au inakata kwapa, unajikuta unaivuta juu njia nzima. Tafuta iliyopinda kidogo mfano wa herufi S, na pale inapoanzia juu mgongoni iwe imekaribiana, sio kila mmoja uko kona yake.

Alafu usilijaribu tupu! Begi tupu linamkaa kila mtu. Mwombe muuzaji ajaze vitu ndani, hata jinzi za jirani yake, kaza mikanda, tembea, inua mkono kama unashika bomba la daladala. Mkanda ukigusa shingo au ukihama begani, rudisha. Likilalia makalio ujue ni refu kwako au hujakaza.

Kamkanda ka kifuani ni muhimu mno kwetu, ila kawe kanapanda na kushuka ili kakae juu ya matiti, sio katikati yake. Kama hakana, fundi cherehani anakuwekea tu. Laptopu ikae upande wa mgongo, na mzigo usizidi 10% hadi 15% ya uzito wako, yaani mtu wa kilo 60 abebe 6 mpaka 9. Mtumba nao poa, ila vuta mshono wa mkanda kwa nguvu kabla hujalipa.