Printa ya Mtandao Inapogoma kwenye Linux: Kagua Njia Kwanza, Ruhusa Baadaye

Printa ya mtandao inapogoma, wengi hukimbilia kuandika `chmod 777`, amri inayompa kila mtu ruhusa zote, kabla hata ya kujua kama kompyuta inaifikia printa yenyewe. CUPS, programu inayosimamia uchapishaji karibu katika kila aina ya Linux, haipendi ruhusa zilizoachwa wazi, na kama tutakavyoona huko mbele, kuzilegeza ovyo kunaweza kuisimamisha kazi iliyokuwa ikienda vizuri. Fuata njia ambayo kazi yako hupitia, yaani mtandao, foleni (orodha ya kazi zinazosubiri kuchapwa), kisha faili, na usiruke hatua.

Anza kwa kuipata anwani ya IP ya printa kutoka kwenye kioo chake, au kwa kuiamuru ichapishe ukurasa wa mipangilio yake. Tuseme ni 192.168.1.50. Amri ya `ping 192.168.1.50` itakuonyesha kwamba printa iko macho, lakini haikuambii kama iko tayari kupokea kazi. Kwa hilo tumia `nc -zv 192.168.1.50 631`, kwa kuwa 631 ndiyo poti, yaani mlango wa mawasiliano, ya IPP, itifaki ambayo CUPS huitumia. Ikiwa ping inajibiwa na poti 631 imefungwa, fungua anwani hiyo katika kivinjari na uangalie kama IPP imezimwa katika mipangilio ya printa. Na kama printa ilikuwa ikichapa hadi jana, linganisha anwani ya sasa na ile inayotolewa na `lpstat -v`: ruta huenda imeipa printa anwani mpya baada ya umeme kukatika, huku foleni yako ikiendelea kupeleka kazi kwenye anwani ya zamani. Dawa ya kudumu ni kuitengea printa anwani moja ndani ya ruta.

Njia ikiwa safi, tengeneza foleni, hapa tumeipa jina `ofisi`:

`sudo lpadmin -p ofisi -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere`

Neno `everywhere` huiagiza CUPS iiulize printa yenyewe uwezo wake badala ya kutafuta draiva (programu maalumu ya kuiendesha printa), na printa zinazoelewa AirPrint, teknolojia ya Apple ya kuchapa bila draiva iliyoanza mwaka 2010, kwa kawaida hulikubali bila shida. Zile kuukuu zaidi bado zinahitaji draiva ya mtengenezaji.

Foleni ikipokea kazi lakini karatasi isitoke, andika `lpstat -p`. Ukiona neno `disabled`, foleni imesimamishwa, na mara nyingi aliyeisimamisha ni CUPS yenyewe baada ya jaribio moja kushindikana. Amri ya `sudo cupsenable ofisi` huiamsha, na `sudo lpadmin -p ofisi -o printer-error-policy=retry-job` huifanya ijaribu tena badala ya kulala kila mtandao unapoyumba.

Sasa tuje kwenye ruhusa. Amri ya `lp` hulisoma faili kwa jina la mtumiaji aliyeiandika. Kwa hiyo ukiona `Permission denied` papo hapo, printa haina hatia. Tuseme Juma anataka kuchapa `/home/asha/ripoti.pdf`, na `ls -l` ya Asha inaonyesha `-rw-r--r--`, yaani kila mtu anaruhusiwa kusoma, na bado Juma anakataliwa. Andika `namei -l /home/asha/ripoti.pdf`, amri ambayo huonyesha ruhusa za kila folda njiani, na utakutana na mstari kama huu:

`drwxr-x--- asha asha asha`

Hapo ndipo mlango ulipofungwa: watu wengine hawana `x`, yaani ruhusa ya kuingia, kwenye folda ya Asha, na bila `x` hawawezi kupita hata kama faili lililo ndani liko wazi. Ubuntu huzifunga folda za nyumbani namna hii tangu toleo la 21.04. Usimwambie Asha afungue nyumba yake. Tengeneza folda ya pamoja, kwa mfano `/srv/hesabu`, uikabidhi kwa kikundi kwa `sudo chgrp wahasibu /srv/hesabu`, kisha `sudo chmod 2770 /srv/hesabu`. Ile 2 ya mwanzo hufanya mafaili mapya yarithi kikundi cha folda. Angalia, hata hivyo, kwamba faili lililohamishwa kwa `mv` hubaki na kikundi chake cha zamani, ilhali lililonakiliwa kwa `cp` hupata kipya.

Mtumiaji huongezwa kwenye kikundi kwa `sudo usermod -aG wahasibu juma`, na lazima atoke na aingie upya ndipo amri ya `id` imwonyeshe kikundi hicho. Herufi `a` isisahaulike. Mimi niliisahau siku moja kwenye kompyuta yangu mwenyewe, nikajikuta nimetolewa katika vikundi vyangu vyote vya ziada, kikiwemo kile cha `sudo`, kinachotoa mamlaka ya msimamizi. Kwa Debian na Ubuntu, anayehitaji kusimamia printa huongezwa vivyo hivyo kwenye kikundi cha `lpadmin`.

Kama kuna aliyekwisha kuandika `chmod -R 777` kwenye `/usr/lib/cups`, CUPS itakataa kuziendesha programu zilizomo na kulalamika kwa maneno `insecure permissions`, kwa kuwa programu ambayo yeyote anaweza kuibadilisha haiaminiki. Usibahatishe namba za kurudishia, maana hazifanani kwa programu zote. Sakinisha upya pakiti za CUPS.

Fumbo likibaki, washa kumbukumbu za kina kwa `sudo cupsctl --debug-logging`, chapisha ukurasa mmoja tu, kisha usome `/var/log/cups/error_log`, au `journalctl -u cups` ukiwa kwenye Fedora. Ukishapata jibu, zizime kwa `sudo cupsctl --no-debug-logging`, na ufute kazi zilizokwama kwa `sudo cancel -a ofisi`, la sivyo foleni ikiamka utapokea nakala za kila jaribio ulilofanya.