Lala jangwani, panda mlimani mchana: Arizona na RV wakati wa baridi

Kila Desemba kuna ndugu ananiuliza namna ya kuzunguka Arizona, jimbo la Marekani, na RV, yaani lile gari lenye kitanda, jiko na choo ndani. Namjibu: achana na kilomita, angalia kimo. Phoenix ipo kama mita 330 juu ya usawa wa bahari. Flagstaff, mwendo wa saa mbili na nusu kwa barabara ya I-17, ipo mita 2,100. Januari unaweza kuondoka Phoenix mchana umevaa fulana, na kabla ya magharibi ukawa unakanyaga theluji. Ndiyo maana mimi na mama watoto tunaweka kambi chini jangwani, milimani tunapanda mchana na kurudi. Tukiamua kulala juu, tunajiandaa kwanza.

Mwaka wa kwanza hatukulijua hilo. Tulifika karibu na Flagstaff jua linazama, tukachomeka umeme, tukaunga mpira wa maji kwenye bomba la kambi, tukala wali wetu, tukalala. Alfajiri mama watoto kaamka atie udhu, anafungua bomba, kimya. Nikatoka na tochi. Mpira umekuwa fimbo: nikinyanyua huku, na kule kwa mbali unanyanyuka. Kiungio cha plastiki pale unapoingilia kwenye gari kimepasuka. Chupa mbili zilizobaki zilikuwa za kunywa, basi akatayamamu kwa mchanga wa Arizona. Hadi leo nikimkosea, ananikumbusha mchanga ule.

Sasa tunafanya hivi. Tangi la ndani tunalijaza mchana. Jua likizama, na Desemba huku juu ni kama saa kumi na moja na robo, mpira unachomolewa, unamwagwa maji yote, unakunjwa na kuingizwa ndani. Usiku tunatumia maji ya tangi kwa pampu. Koki ya tangi la maji machafu inabaki imefungwa mpaka lijae ndipo tumwage. Ukiiacha wazi, maji yanachuruzika kidogo kidogo na kuganda kwenye bomba la kutolea, na kulizibua ni kazi ya kutia kinyaa. Milango ya kabati chini ya sinki tunaiacha wazi ili joto liyafikie mabomba.

Kuna watu wanabana gesi kwa kununua hita ndogo ya umeme. Ile inapasha kitanda, mabomba yanabaki na baridi yao. Katika RV nyingi, hita ya gesi ndiyo inayopuliza joto hadi chini ya sakafu yalipo matangi, kwa hiyo iache ifanye kazi. Shida yake ni feni, inakula betri. Kama hujachomeka umeme, betri iwe imejaa kabla giza halijaingia. Sola peke yake haitoshi siku hizi fupi, jua lenyewe linapita chini chini.

Jiko la kupikia usiliwashe ili kuota moto. Kwetu wote tumesikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke. Hewa yake ya sumu ndiyo ile ile, kaboni monoksaidi, haina harufu. Kengele ya kaboni monoksaidi naibonyeza kila jioni kuhakikisha inalia, na dirisha moja naliacha wazi upana wa kidole. Ubaridi unaopita hapo ni mdogo, na asubuhi kuta hazitoi jasho.

Kwa kambi ya jangwani napenda Quartzsite, magharibi ya Phoenix kwa I-10. Januari RV zinajaa pale kama mnada wa ng'ombe. Eneo la La Posa liko chini ya BLM, idara ya serikali inayosimamia ardhi ya umma: kibali ni dola 40 kwa siku 14, au dola 180 kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. Usiegeshe kwenye mkondo mkavu wa mchanga hata kama umenyooka vizuri. Mvua ikinyesha milimani, maji yanapita hapo hapo.

Kabla ya kupanda, piga 511 usikie hali ya barabara. Pima upepo wa tairi asubuhi zikiwa baridi, kwa sababu unapungua kama paundi 1 kila joto likishuka nyuzi 5 au 6. Mikataba mingi ya magari ya kukodi inakataza minyororo ya kufunga tairi zishike kwenye theluji. Theluji ikitangazwa, kaa ulipo, chemsha maharage.

Kupanda siku zote ni rahisi. Mimi nilianza kazi nikiwa utingo njia ya Tunduma, na dereva wangu alinifundisha pale mlima Kitonga: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Kutoka Flagstaff hadi Camp Verde unashuka zaidi ya mita 1,000, na nyuma yako una nyumba nzima inakusukuma. Punguza gia kabla mteremko haujaanza, usingoje gari likolee. Injini ipige kelele, iache. Breki ikanyage kwa nguvu kidogo, mwendo upungue, kisha uiachie ipoe. Ukiikalia mguu muda wote, utaanza kusikia harufu kama ya mpira unaoungua, na hapo umeshachelewa. Asubuhi uwe macho zaidi kwenye vivuli vya misonobari na juu ya madaraja: lami inaonekana imelowa tu, kumbe ni barafu. Ile kruzi ya kushika mwendo yenyewe, izime kabisa.

Ukifika Camp Verde, ingia pembeni. Weka gia ya kuegesha, zuia magurudumu kwa kabari, breki ya mkono uiache kwanza mpaka ngoma zipoe. Zunguka gari ukipitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na moto kuliko wenzake, breki yake inashika, itafutie fundi hapo hapo kabla ya mteremko wa pili wa Black Canyon. Mama watoto kwa wakati huo anakuwa ameshamimina chai ya tangawizi, na makoti yamevuliwa.