Jinsi ya kuandika barua ya maombi ya kazi serikalini na kuiwasilisha Ajira Portal

Tangazo la nafasi za kazi likitoka leo, kesho yake barua za mfano zinaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtu anafuta jina la mwenzake, anaweka lake, anabadilisha cheo, anapakia. Orodha ya walioitwa kwenye usaili ikitoka, jina lake halimo, naye anasema kazi zina wenyewe. Mara nyingine kilichomwangusha ni ile barua: imeelekezwa kwa ofisi isiyohusika, haina sahihi, au inaomba cheo ambacho tangazo halikukitaja.

Mwongozo huu ni wa anayeomba kazi ya utumishi wa umma Tanzania kwa mara ya kwanza. Mfano wangu utakuwa nafasi ya Mtendaji wa Kijiji Daraja la III, kwa sababu halmashauri huitangaza mara kwa mara na majukumu yake huandikwa kwa kirefu. Dereva, mwandishi mwendesha ofisi na mtunza kumbukumbu msaidizi wanapita njia hiyohiyo.

Anza na tangazo

Pakua tangazo lenyewe kutoka tovuti ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma au ya halmashauri husika. Usitegemee picha ya ukurasa mmoja uliyotumiwa na rafiki, kwa kuwa masharti ya jumla huwa kurasa za mwisho, na ndiyo yanayowaangusha wengi. Huko utakuta kwamba mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari kazini serikalini. Kwamba ataje wadhamini watatu. Na kwamba maombi yatakayowasilishwa nje ya utaratibu hayatafikiriwa. Sentensi hiyo ya mwisho ichukue kama ilivyo.

Andika pembeni mambo manne: jina kamili la cheo pamoja na daraja, majukumu, sifa za mwombaji, na anwani ya kupelekea barua. Kwa Mtendaji wa Kijiji, sifa huwa ni kidato cha nne au cha sita pamoja na astashahada, yaani ngazi ya 5 ya NTA (mfumo wa taifa wa tuzo za elimu ya ufundi), katika fani kama utawala, sheria, elimu ya jamii, usimamizi wa fedha au maendeleo ya jamii, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Kama fani yako haimo, hata uandike barua nzuri vipi, haitakuvusha. Tafuta tangazo linalokufaa uokoe muda wako.

Anwani

Kwa nafasi zinazotangazwa na Sekretarieti yenyewe, barua huelekezwa kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Barua nyingi za mfano zinazozunguka bado zina S.L.P. 63100, Dar es Salaam, anwani ya zamani kabla ofisi haijahamia Dodoma. Ukiinakili, anayeisoma anajua papo hapo kwamba hukufungua tangazo.

Halmashauri ikipewa kibali cha kuajiri, barua huandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri hiyo, ingawa maombi bado yanapitia Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti wa kupokea maombi ya kazi. Hapa ndipo watu huchanganya, wanadhani kwa kuwa mfumo ni wa Sekretarieti basi kila barua iende kwa Katibu. Fuata tangazo ulilonalo mkononi. Na kama umeomba halmashauri mbili, andika barua mbili.

Aliye tayari mtumishi wa umma na sasa anaomba kada nyingine baada ya kujiendeleza, barua yake ipite kwa mwajiri wake: chini ya anwani ya mwandikiwa weka mstari wa "Kupitia kwa:" na cheo cha mkuu wako wa kazi. Anza kuifuatilia mapema, maana barua inaweza kulala mezani mpaka siku ya mwisho ikapita.

Lugha na umbo

Matangazo huruhusu barua ya Kiswahili au ya Kiingereza. Kwa kazi ya kijijini ningeandika Kiswahili bila kusita: mihtasari ya mikutano, matangazo na taarifa za kijiji vyote ni vya Kiswahili, na barua yako ndiyo sampuli ya kwanza ya mwandiko wako ofisini. Anayeandika Kiingereza kwa kudhani kina heshima zaidi mara nyingi anaishia kunakili sentensi asizozimudu.

Umbo ni lile la barua rasmi tulilofundishwa shuleni. Anwani yako na tarehe juu kulia, anwani ya mwandikiwa kushoto, salamu, kichwa cha barua kwa herufi kubwa, mwili, kisha "Wako mtiifu", sahihi na majina matatu. Kichwa kitaje cheo kama kilivyo kwenye tangazo, pamoja na daraja. "MAOMBI YA KAZI" peke yake hakitoshi, kwa sababu tangazo moja linaweza kuwa na kada kumi. Ukurasa mmoja unatosha.

Mwili wa barua

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Barua tunazoandika nyingi zinafanana kiasi kwamba ukifunika jina huwezi kujua ni ya nani. Soma hii:

*"Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 26, mchapakazi, mwaminifu, mbunifu na mwenye uwezo wa kufanya kazi katika mazingira yoyote na chini ya usimamizi mdogo. Naomba nafasi hii ili niweze kujikwamua kimaisha na kuisaidia familia yangu."*

Hakuna uongo humo, na shida za nyumbani ni za kweli wala hazina aibu. Lakini anayesoma ana kiti kitupu katika ofisi ya kijiji. Anataka kujua kama mtu huyu anaweza kuandika muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji, kutunza nyaraka, kusikiliza wananchi wanaogombania mpaka wa shamba, na kupeleka taarifa kwa Mtendaji wa Kata. Hakuna neno hata moja kuhusu hayo. Mchapakazi kila mtu anajiita.

Rudi kwenye majukumu uliyoandika pembeni. Tangazo la Mtendaji wa Kijiji husema yeye ni mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji, katibu wa mikutano na kamati za halmashauri ya kijiji, mlinzi wa amani, mtunza kumbukumbu na nyaraka zote za kijiji, mpokeaji wa malalamiko na migogoro, na msimamizi wa utungaji wa sheria ndogo. Chagua majukumu mawili ambayo umewahi kugusa kazi yake, hata kwa udogo, ueleze ulichofanya, wapi, na kilichotokea. Mawili yaliyoshiba ni bora kuliko kumi ya kutajwa tu.

*"Nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya kata kwa wiki nane, niliandika mihtasari ya vikao viwili vya Kamati ya Maendeleo ya Kata, ikapitishwa. Pia nilifungua rejesta ya malalamiko ya wananchi, ambayo haikuwepo. Mengi yalihusu mipaka ya mashamba; niliyapanga kwa kitongoji na tarehe, na Mtendaji wa Kata akaitumia rejesta hiyo kupanga mashauri ya Baraza la Kata."*

Aya hii haijisifu hata kidogo, lakini ukimaliza kuisoma unamjua mtu. Neno "mchapakazi" halikuhitajika.

"Sina uzoefu" ni kauli ninayoisikia sana kutoka kwa vijana, na mara nyingi si kweli. Kama ulikuwa karani wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, uliingia kaya kwa kaya na kishikwambi mkononi, ukiongozana na viongozi wa vitongoji, ukitunza siri za watu. Hiyo ni kazi ya serikali ya kijiji kabisa. Kusimamia kituo katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, ukatibu wa VICOBA, kutunza daftari la michango ya kikundi cha maji, kupitia JKT: vyote vinaandikika, ilimradi ueleze ulifanya nini hasa. Ukisema tu "nilikuwa katibu wa kikundi", umeacha nusu ya habari. Sema kikundi kilikuwa na wanachama wangapi, daftari ulilitunzaje, na hesabu zilisomwa mbele ya nani.

Usiongeze chumvi. Kugushi taarifa hupelekwa kwenye hatua za kisheria, na matangazo husema hivyo waziwazi. Tena kwenye usaili wa mahojiano unaweza kuulizwa juu ya kitu hichohicho ulichoandika.

Kwa jumla, aya ya kwanza itaje nafasi unayoomba, tangazo la lini, na elimu yako kwa sentensi moja. Aya ya pili na ya tatu zibebe yale majukumu mawili. Aya ya mwisho iseme umeambatisha nini na unapatikana vipi. Kuhusu ufunguzi wa "husika na kichwa cha habari hapo juu", si kosa, wengi wanautumia, ila unakula mstari mzima bila kusema lolote. Mimi ningeanza hivi: "Naomba nafasi ya Mtendaji wa Kijiji Daraja la III iliyotangazwa na halmashauri yako tarehe fulani. Nina Astashahada ya Utawala wa Serikali za Mitaa kutoka Hombolo."

Mwenye ulemavu asisite kueleza hali yake. Matangazo huwahimiza waombaji wenye ulemavu kuomba, na huwataka waioneshe kwenye mfumo.

Sahihi, skani, pakia

Chapa barua, ichape upya ukiona kosa, kisha isaini kwa kalamu ya wino. Barua isiyo na sahihi ni kama haikuandikwa, na matangazo huweka sharti hili chini ya neno MUHIMU. Kisha iskani iwe PDF. Ukienda steshenari, kaa pembeni mpaka uone faili limefunguka na sahihi inaonekana, na barua nzima imeingia bila kukatwa pembeni. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono haifai. Lipe faili jina lako na cheo, usije ukapakia barua ya mteja aliyekutangulia. Ukitoka hapo, futa nyaraka zako kwenye kompyuta yao, na nywila yako usimwachie mtu.

Ajira Portal iko portal.ajira.go.tz. Kujisajili unahitaji barua pepe inayofanya kazi na namba ya NIDA, ile yenye tarakimu 20. Jaza taarifa binafsi, elimu, mafunzo, uzoefu na wadhamini kabla hujagusa nafasi yoyote. Wadhamini waombe ruhusa kwanza, na uhakikishe simu zao zinapatikana. Vyeti viwe nakala zilizothibitishwa na mwanasheria, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Aliyesoma nje ya nchi apitishe vyeti vyake kwa mamlaka husika: NECTA kwa sekondari, TCU kwa vyuo vikuu, NACTVET kwa vyuo vya kati.

Kisha nenda kwenye nafasi yenyewe, pakia barua, tuma, na urudi kuangalia kama ombi lako linaonekana kwenye orodha ya maombi uliyotuma. Usisubiri usiku wa mwisho. Watu huwa wengi na mfumo unakuwa mzito. Kuomba ni bure. Anayekwambia umpe hela akuingize kwenye orodha ni tapeli, hata kama anataja majina ya wakubwa.

Baada ya kutuma

Tunza nakala ya barua uliyopakia, na uisome tena kabla ya usaili. Orodha ya walioitwa hutoka kwenye tovuti, kwa hiyo usingoje kupigiwa simu. Ingia pia kwenye akaunti yako uone hali ya ombi. Kwa kawaida msailiwa anajigharamia nauli, chakula na malazi, na anatakiwa kwenda na vyeti halisi pamoja na kitambulisho.

Kabla ya yote hayo, weka cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha chuo na kitambulisho cha NIDA juu ya meza moja, ulinganishe majina herufi kwa herufi. Kama kimoja kinasema Saidi na kingine Said, au jina la babu limeachwa mahali, nenda kwa mwanasheria ukaandaliwe hati ya kisheria ya majina na isajiliwe. Inachukua muda, kwa hiyo ianze wiki hii hata kama tangazo unalolingoja halijatoka, na kwenye barua tumia majina yaliyo kwenye vyeti.