Siku moja Kitulo: ndege, vipepeo na maua ya porini kwa kufuata saa

Tambarare ya Kitulo iko kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, kati ya Mbeya na Makete nchini Tanzania, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Tangu 2005 ni hifadhi ya taifa yenye ukubwa wa kilomita za mraba 413 hivi, na ilitengwa hasa kwa ajili ya mimea: zaidi ya aina 350 zimeorodheshwa, na kati yake 45 ni okidi zinazoota ardhini. Mgeni wa kawaida hufika saa nne asubuhi, hupiga picha mamia ya maua kwa juu, mvua humkuta saa nane, na huondoka bila kumwona mbayuwayu wa buluu. Hakukosa bahati, alikosa mpangilio. Ndege wana saa zao, vipepeo wana zao, na maua husubiri.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Nenda kati ya katikati ya Desemba na mwisho wa Machi. Ni kiangazi cha kusini mwa dunia, lakini huku ndiyo majira ya mvua, na maua huja na mvua. Mwanzoni mwa kipindi hicho nyasi bado ni fupi, kwa hiyo ndege wa ardhini huonekana kwa urahisi. Februari maua huwa mengi zaidi, lakini nyasi zimeshapanda. Ukichelewa hadi mwishoni mwa Aprili, mbayuwayu wa buluu atakuwa ameondoka kuelekea Uganda, magharibi mwa Kenya na kaskazini mashariki mwa Kongo.

Njia ni mbili. Ya kwanza hupanda kutoka Chimala, kwenye barabara kuu ya Mbeya, hadi Matamba kwa kona zinazojulikana kama Hamsini na Saba. Ya pili hupita Isyonje, kwenye barabara ya Tukuyu. Mvua ikishika, zote mbili huwa tope, kwa hiyo usipeleke gari dogo. Lala Matamba au jirani, maana ukitoka Mbeya mjini alfajiri utakuwa umeshapoteza saa za ndege. Malipo ya kiingilio hayafanywi kwa fedha taslimu, yamalize mapema.

Hatua ya 2: Vifaa

- Darubini ya 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ya 10x hutikisika mno kwenye upepo wa Kitulo. Kabla ya kununua, hakikisha inaona vizuri kitu kilicho umbali wa mita 2, la sivyo haitakufaa kwa vipepeo.
- Daftari na penseli. Wino wa kalamu hutiririka karatasi ikilowa.
- Rula fupi ya plastiki, ya kuonyesha kipimo kwenye picha.
- Mwavuli. Mbali na mvua, huzuia upepo na jua unapopiga picha ya ua.
- Koti la mvua, sweta na kofia pana. Alfajiri ni baridi kali, na saa sita jua la kimo hiki huunguza hata kukiwa na mawingu.

Rekebisha darubini kabla ya kutoka. Funika lenzi ya kulia, tazama maandishi yaliyo mbali kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati hadi yaonekane wazi. Kisha funika ya kushoto, tazama maandishi yaleyale kwa jicho la kulia, na safari hii zungusha pete ya jicho la kulia tu. Baada ya hapo pete haiguswi tena. Wanaolalamika kwamba darubini inawaumiza kichwa, mara nyingi hawajawahi kufanya hivi.

Hatua ya 3: Saa 12:30 hadi saa 3, ndege

Anza jua linapochomoza. Simama mahali palipoinuka kidogo, usitembee. Kaa dakika 10 na andika kila unachoona na kusikia, halafu sogea mita 200 au 300 na urudie. Anayetembea mfululizo kwenye uwanda usio na miti huwa anawasukuma ndege mbele yake bila kujua.

Kwanza tandawala wa Denham, ndege mkubwa wa kutembea mwenye shingo ya rangi ya kutu kwa nyuma. Pitisha darubini polepole juu ya nyasi, kutoka kushoto kwenda kulia, ukitafuta kichwa na shingo tu. Ukimwona, usimkaribie. Akisimama na kunyoosha shingo umeshafika karibu mno, rudi nyuma.

Kisha mbayuwayu wa buluu, aliye hatarini kutoweka kwa sababu mbuga za nyasi za milimani anakozaliana zinageuzwa mashamba ya mazao na miti. Huruka chini, karibu kugusa nyasi, na hutaga ndani ya mashimo ya ardhini, kwenye kikombe cha tope na nyasi kilichobandikwa ukutani mwa shimo. Hapa ndipo wengi hukosea. Kuna jamaa yake mwingine mweusi mtupu, asiye na mng'ao wa buluu, anayependa kingo za misitu na vichaka. Mbayuwayu wa kawaida, mgeni kutoka Ulaya na Asia, naye yupo miezi hiyohiyo. Angalia tumbo kwanza: likiwa jeupe, na koo ni jekundu la kutu, huyo ni wa kawaida. Likiwa jeusi, subiri ageuke kwenye jua. Mng'ao wa buluu iliyokolea, na kwa dume manyoya mawili marefu ya mkia, ndiyo uthibitisho. Asipogeuka, andika "mbayuwayu mweusi, hakutambuliwa". Rekodi ya namna hiyo ina thamani kuliko ya kubahatisha.

Vindege vidogo vya kahawia vinavyoimba juu ya mabua havitambuliki kwa rangi. Mmoja ni sistikola wa Njombe, anayepatikana tu nyanda za juu za kusini mwa Tanzania na milima jirani ya Malawi na Zambia. Rekodi sauti kwa simu: upe upepo mgongo, elekeza maikrofoni kwa ndege, kaa kimya nusu dakika. Ukipita kwenye vichaka vya ukingo wa msitu, mtafute chiriku wa Kipengere, wa kahawia mwenye michirizi na mdomo mnene. Huyo hayupo nchi nyingine yoyote.

Hatua ya 4: Saa 3 hadi saa 5, maua

Sasa tembea, lakini kwa njia zilizopo. Mabonde yenye maji yana jamii yake ya maua, miteremko mikavu yenye mawe ina yake, na ukingo wa barabara una yake. Gawa muda wako kwa sehemu hizo tatu. Usipofanya hivyo utakwama bondeni kwa sababu ndiko kunakopendeza zaidi.

Kila mmea upige picha nne, tena kwa mpangilio huu:

1. Mmea mzima na ardhi inayouzunguka, rula ikiwa kando.
2. Jani la chini kabisa, pale linaposhikana na shina.
3. Ua kwa mbele.
4. Ua kwa ubavu.

Picha ya nne ndiyo watu huiacha, na kwa okidi ndiyo muhimu kuliko zote. Nyuma ya ua la okidi nyingi za Kitulo kuna kimrija kidogo cha kuhifadhia asali ya ua, na mahali kilipo ndipo pa kuanzia kutambua kundi la okidi hiyo. Vimrija viwili vinavyoning'inia nyuma ya kofia ya ua: Satyrium. Kimoja kinachotoka nyuma ya jani-ua la juu, lililo kama kofia: Disa. Kimoja kinachotoka kwenye mdomo wa ua, kwa chini: Habenaria. Picha ya mbele peke yake huficha yote haya.

Maua mekundu ya Kniphofia, yale marefu yaliyosimama kama mienge, simu huyageuza doa lisilo na umbo. Yakinge kwa kivuli cha mwavuli, gusa ua kwenye kioo, kisha punguza mwanga kidogo. Ukikuta kundi lake zuri, simama mita 10 na usubiri robo saa, kwa kuwa chozi, ndege mdogo anayenyonya asali ya maua, huja kunywa humo.

Usichume wala usichimbue. Okidi hizi huwa na kiazi kikuukuu kilicholegea na kipya kigumu cha mwaka ujao. Wachimbaji wa chikanda, chakula cha viazi hivi kinachouzwa sana Zambia, huchukua kile kigumu, na mmea hufa hapohapo.

Hatua ya 5: Saa 5 hadi mvua, vipepeo

Kipepeo hawezi kuruka vizuri misuli yake ikiwa baridi, kwa hiyo kabla ya hapo amejificha kwenye nyasi. Chagua njia ya mita 200 iliyokingwa na upepo. Tembea taratibu, ukihesabu walio ndani ya mita 2.5 kila upande na mita 5 mbele. Usiwahesabu walio nyuma yako, utawarudia walewale.

Kwa picha, piga ya kwanza ukiwa mita 3, halafu sogea hatua moja, piga tena. Kivuli chako kikimgusa ataruka. Wingu likifunika jua wakati unamfuata, weka jicho pale alipotua na usubiri. Huwa hatoki hadi jua lirudi.

Tafuta picha ya upande wa chini wa bawa. Vipepeo vidogo vya buluu hufanana sana kwa juu, na wale wa njano wenye ukingo mweusi hufunga mabawa mara wanapotua. Hesabu pia miguu: wanaosimama kwa minne tu ni wa jamii moja kubwa, na hilo hukuondolea nusu ya kazi. Kukamata kwa wavu ni kazi ya utafiti na huhitaji kibali.

Hatua ya 6: Kupeleka rekodi

Fanya jioni ileile, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Ndege peleka eBird, hifadhidata ya mtandaoni ya rekodi za ndege, ukiandika muda na umbali. Maua na vipepeo peleka iNaturalist, ya rekodi za viumbe wote, picha zote nne za mmea mmoja ndani ya rekodi moja, si rekodi nne. Kwa kila okidi chagua kuficha mahali halisi kabla ya kutuma, tundu la mbayuwayu usilitajie mahali halisi, na uzime pia alama ya mahali kwenye picha unazotuma WhatsApp. Ukikuta ardhi ina vishimo vingi vibichi vya ukubwa wa ngumi na mashina ya okidi yametupwa kando, piga picha, andika majira-nukta ya GPS, na umpe askari wa hifadhi siku hiyohiyo.