Umeprinti steshenari? Angalia simu yako kwanza

Juzi nilipita steshenari moja Nyegezi kuprinti barua. Nikafungua WhatsApp kwenye kompyuta ya duka, nikaskani ile QR kwa simu, nikaprinti, nikalipa, huyoo. Nafika Kirumba ndipo nakumbuka: sijatoka kwenye akaunti! Wengi hudhani ukifunga ukurasa au ukizima data imeisha. Wapi. Kompyuta ile huendelea kupokea meseji zako hata simu ikiwa imezimwa, na haikatiki yenyewe mpaka simu ikae siku 14 bila kutumika. Nani anakaa hivyo?

Huna haja ya kupanda daladala kurudi. Fungua WhatsApp kwenye simu, gusa vidoti vitatu pale juu (wa iPhone, nendeni kwenye mipangilio), ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, gusa kompyuta hiyo, uiondoe. Mimi nilizikuta mbili. Ya pili hadi leo sijui ni ya duka gani.

Na kabla hujanyanyuka kwenye kiti, lifute faili ulilopakua, kisha ulifute tena kwenye kapu la taka. Nilishakuta kitambulisho cha NIDA cha mama wa watu kimekaa pale wazi kabisa.