SOMO: Maswali ya kazi na muda, pamoja na yale ya mabomba

Wakuu, wiki hii pekee nimeulizwa mara nane: fundi A anamaliza kazi kwa siku 12, B kwa siku 18, wakishirikiana watatumia siku ngapi? Mara nane! Naandika hapa mara moja. Atakayenifuata chemba na swali hili ataelekezwa hapa hapa.

Hatua ya 1. Soma swali hadi alama ya kuuliza. Kuna siku zilizotumika na kuna siku zilizobaki.

Hatua ya 2. Tafuta kigawe kidogo cha shirika (KDS) cha siku ulizopewa, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa siku hizo bila baki. Kwa 12 na 18 ni 36. Chukulia kazi yote ni matofali 36.

Hatua ya 3. Gawanya upate kasi. A anajenga 36 ÷ 12 = matofali 3 kwa siku, B 36 ÷ 18 = 2.

Hatua ya 4. Jumlisha kasi, siyo siku. 3 + 2 = 5, halafu 36 ÷ 5 = siku 7.2.

Hatua ya 5. Kagua. Wawili wakishirikiana tangu mwanzo hadi mwisho, jibu haliwezi kutoka nje ya nusu ya siku za mwepesi na nusu ya siku za mzito, yaani hapa kati ya 6 na 9. Machaguo ya 15 na 30 unayafuta kabla hujaanza kukokotoa. Mtahini huyaweka makusudi: 15 ni ya waliotafuta wastani, 30 ni ya waliojumlisha siku.

Hatua ya 6. Kuna anayeondoka njiani. Mafundi ni wale wale, ila A anaondoka siku 3 kabla kazi haijaisha. Jifanye hakuondoka: siku hizo 3 angeongeza matofali 9. Basi 36 + 9 = 45, na 45 ÷ 5 = siku 9. Hakiki: B siku 9 × 2 = 18, A siku 6 × 3 = 18, jumla 36.

Hatua ya 7. Mabomba ya kupokezana. Hapa ndipo nilipoumbuka, kwa hiyo mnivumilie.

Swali lilikuwa hivi: bomba A hujaza tangi kwa dakika 4, bomba B hulimaliza tangi lililojaa kwa dakika 6. Tangi ni tupu. Yanafunguliwa kwa zamu, dakika moja moja, likianza A. Tangi litajaa baada ya dakika ngapi?

KDS ni 12, tuite lita 12. A huingiza 3, B hutoa 2. Nikaona kila dakika 2 tangi linapata lita 1, kwa hiyo lita 12 ni dakika 24. Machaguo yalikuwa na 24. Nikaitia alama, nikaenda swali linalofuata nikijiona bingwa.

Sasa yafuateni maji. Zamu kamili ni A kisha B. Baada ya zamu 9 kamili, yaani dakika 18, ndani mna lita 9. Dakika ya 19 ni ya A, inaingia lita 3, zinatimia 12. Tangi limejaa! B halipati tena nafasi ya kutoa chochote. Jibu ni 19. Mimi niliendelea kumwaga na kujaza tangi ambalo lilishajaa dakika tano nzima.

Tahadhari, na hizi mzisome mara mbili:

USIGAWANYE ujazo wote. Ondoa kwanza mkupuo mmoja wa A (12 − 3 = 9), tafuta zamu za kufikisha hicho kilichobaki, ndipo umalizie na A.

Angalia bomba gani linaanza. Likianza B kwenye tangi tupu, dakika ya kwanza inapotea bure, maana tangi tupu halina cha kutoa. Jibu linakuwa 20.

Angalia kama ni kwa zamu au kwa pamoja. Yakifunguliwa pamoja, kila dakika inabaki lita 1, na jibu ni 12. Neno moja tu limebadilisha swali zima.

Karibuni kwa maswali. Yenye akili.

---

mpita_njia: Mkuu, mbona unazunguka? Zidisha siku, gawa kwa jumla ya siku, kwisha.

Mwandishi: Ni sahihi kwa wawili walioanza na kumaliza pamoja. Waweke watatu: siku 10, 15 na 30. Kanuni yako inatoa 4500 ÷ 55, siku 81 na ushee. Watu watatu siku 81, wakati mmoja wao peke yake anamaliza kwa 10? Kwa KDS: 30, kasi 3 + 2 + 1 = 6, siku 5.

jua_kali: Kwa hiyo 12 na 18 jibu ni ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 4.

jua_kali: Nipo kwenye simu, siioni vizuri.

Mwandishi: Swali umelichapa kwa simu hiyo hiyo.

Tulia_Kidogo: Asante kwa somo. Nimejitungia swali la hatua ya 7: A hujaza kwa dakika 3, B hutoa kwa dakika 8, linaanza A. KDS 24, A huingiza 8, B hutoa 3, kila zamu inabaki 5. Nikaondoa mkupuo: 24 − 8 = 16. Ila 16 haigawanyiki kwa 5. Nimekwama hapo.

Mwandishi: Swali zuri, na kujitungia ndiyo njia yenyewe. 16 ÷ 5 ni zamu 3 na kitu. Panda juu, zamu 4. Kwa nini isiwe 3? Jaribu: zamu 3 zinakuachia lita 15, A likiongeza 8 ni 23. Limepungukiwa lita moja, na B linafunguliwa. Baada ya zamu 4, yaani dakika 8, una lita 20. Zimebaki 4, na A huingiza 8 kwa dakika, basi ni nusu dakika. Jibu dakika 8.5. Ungegawanya ujazo wote ungepata 9.6.

Tulia_Kidogo: Nimeelewa. Na lazima iwe KDS? Nikichukua 48 je?

Mwandishi: Jibu ni lile lile. Ukiongeza ujazo mara mbili, kasi zote nazo zinaongezeka mara mbili. Hata ukiita kazi yote 1 ni sawa, ila utahangaika na sehemu. KDS inakupa namba nzima zilizo ndogo kuliko zote, basi.

hesabu_mwiba: A ana kasi kubwa kuliko B kwa asilimia 25, B anatumia siku 20. A anatumia 15. Kitabu changu kinasema 16. Kimekosea.

Mwandishi: Hakijakosea. Kasi ya B iite 4, ya A ni 5. Kazi ni 4 × 20 = 80, na 80 ÷ 5 = 16.

hesabu_mwiba: Asilimia 25 ya 20 ni 5. 20 − 5 = 15. Hesabu ya darasa la nne hiyo.

Mwandishi: Asilimia 25 ni ya kasi, wewe unaikata kwenye muda. Sibishani.

Bibi_Kalamu: Niingilie kidogo. Swali likisema A "anatumia muda pungufu kwa asilimia 25", hapo ni 15. Likisema kasi imezidi, ni 16. Mwiba, soma tena sentensi ya kitabu.

hesabu_mwiba: Imeandikwa kasi. Sawa.

Bibi_Kalamu: Na kwa kuwa tumegusa asilimia: asilimia 16 ya 25 ni sawa na asilimia 25 ya 16. Ni 4, bila kalamu. Geuzeni pale upande mmoja unapokuwa mwepesi.

Mwandishi: Hiyo sikuwa naitumia. Naichukua.

usiku_wa_manane: Nikikwama kabisa nibahatishe au niache wazi?

Mwandishi: Soma kanuni za mtihani wako. Kama machaguo ni matano na jibu baya linakata robo alama, kubahatisha gizani kwa wastani ni sifuri: huongezi, hupotezi. Ukifuta chaguo moja tu kwa hatua ya 5, wastani unakuwa chanya. Kama hakuna makato, usiache hata moja wazi.

usiku_wa_manane: Wetu una machaguo manne, na wanakata robo.

Mwandishi: Basi hata gizani unapata: robo ya alama 1, ukiondoa robo tatu za robo, inabaki moja ya kumi na sita. Ni ndogo, lakini ipo upande wako. Jaza zote.